Nyumba yenye saa mbili

Ukiwaambia watu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, watakuuliza unavuka kwenda wapi. Lusaka? Lubumbashi? Unapeleka gari la IT, lile la kupitishwa tu kwenda nchi jirani? Hakuna anayekuuliza utakaa mtaa gani. Mji ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu zaidi ya laki mbili, wakati ile ya 2012 haikufikisha laki moja, umebaki vichwani mwetu kama geti tu: foleni ya malori, vumbi, gesti, watu wenye mabunda ya noti mkononi, halafu safari inaendelea. Mimi nilikuwa nimeshaupita mara mbili nikiwa dirishani mwa basi, na hiyo ndiyo picha niliyobaki nayo.

Safari ya tatu nilikaa. Rafiki niliyesoma naye chuo ni mzaliwa wa pale. Nilipomwomba anitajie gesti tulivu iliyo karibu na mpaka, alikasirika kweli. "Yaani mama yangu yupo, halafu wewe ukalale gesti? Atanisema mpaka nizeeke." Basi nikalala siku tisa kwa mama yake, kisha siku tatu ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia, kwa mdogo wa mama huyo. Majina yao siyaandiki, na hata kule sikuwahi kuyatumia. Wa Tunduma nilimwita Mama, wa Nakonde nilimwita Mama Mdogo, kama wanavyowaita watoto wote wa nyumba zile mbili.

Nilifika Julai, usiku, baada ya kilomita zaidi ya 900 za barabara. Anayefika Tunduma kutoka pwani mwezi huo ajue kwamba baridi ya pale si ya kutania, mji uko juu na upepo unakata masikio. Mama alinipokea stendi akiwa na blanketi begani, akanifunika nalo kabla hata hajaitikia shikamoo yangu. Asubuhi, kabla ya chai, akanipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. "Mgeni wangu huyu, rafiki wa mwanangu, yupo kwangu mpaka wiki ijayo." Mwenyekiti akaangalia kitambulisho changu cha NIDA, akaandika kwenye daftari, akanitakia makazi mema. Mjini Dar jambo hili tumeshalisahau. Mpakani si hiari, kwa sababu mgeni asiyejulikana analala kwa nani huleta maswali kwa nyumba nzima. Nilitoka pale nikijisikia nimepewa kitu ambacho gesti haiwezi kukupa: kuna mtu amesimama akasema mimi ni wa kwake.

Sebuleni kwa Mama kuna saa mbili za ukutani. Moja iko juu ya mlango wa barazani, nyingine juu ya mlango wa jikoni, na ya jikoni iko nyuma kwa saa nzima. Siku ya kwanza nilidhani betri imekwisha, nikanyoosha mkono niishushe. Binti wa mwisho wa Mama akaniwahi: "Anti, usiiguse, hiyo ni ya Zambia."

Kwamba Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja nilikuwa najua, lakini sikuwahi kufikiria maana yake kwa nyumba ambayo mpaka uko umbali wa kutupa jiwe. Mama anauza mchele, na wateja wake wakubwa wako Nakonde. Soko lao linaamka kwa saa ya jikoni, mtoto anakwenda shule kwa saa ya barazani. Simu nayo haiaminiki, maana chumba nilicholala kilishika mnara wa Zambia, na kila nilipoingia kulala saa ya simu ilirudi nyuma yenyewe, nikitoka uani ikasogea mbele. Usiku, taarifa ya habari ya televisheni ya taifa ya kwetu inaanza saa mbili, na ya Zambia inaanza saa moja kwa saa yao, maana yake zote mbili zinaanza dakika ileile. Kaka yake rafiki yangu, ambaye ni wakala wa forodha, alitaka ya Zambia ajue kama kuna neno lolote kuhusu mpaka. Bibi, mama yake Mama, alitaka ya Tanzania. Kwa siku zote tisa Bibi alishinda.

Na kuna tatizo zaidi ya lile la kutofautiana saa moja. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, wenzetu wanahesabu tangu usiku wa manane. Siku ya nne nilialikwa kwa Mama Mdogo kwa mara ya kwanza, na mwanawe, kijana anayesoma sekondari kule, alipiga simu kwa Kiswahili safi: "Mama anasema uje saa nane." Nikaenda saa nane mchana nikiwa nimeoga na kuvaa vizuri. Nikakuta chakula kimefunikwa kimepoa, Mama Mdogo amenyamaza. Kumbe yeye alisema nane kwa hesabu yao, asubuhi, ambayo kwetu ni saa tatu. Nilichelewa saa tano kamili kwenye nyumba iliyofunga biashara kwa ajili yangu. Niliomba radhi kwa magoti na sioni aibu kulisema. Tangu siku hiyo, kila miadi niliuliza: "Ya jikoni au ya barazani?"

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa ungo. Uani kwa Mama, kuanzia alfajiri, wanawake watatu wanakaa kwenye maturubai kupepeta na kuchagua mawe kwenye mchele unaotoka Kyela na Kamsamba. Nilipewa nafasi yangu mwishoni, karibu na jiko la mkaa. Ungo unauinua, unaurusha kidogo, pumba zinapeperuka, mchele unarudi chini kwa sauti kama ya mvua ya kwanza juu ya bati. Nilijifunza kuitofautisha sauti ya mchele mkavu na ya mchele uliobaki na unyevu. Mama aliijua akiwa amegeuka, anaongea na simu. "Huo rudisha juani," alisema bila kuangalia.

Kwa Mama mchele unapimwa kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne. Ng'ambo wanapima kwa meda, ambayo ni kubwa zaidi. Kila mfanyabiashara wa pale ana hesabu ya sado na meda kichwani, na juu yake ana hesabu ya shilingi na kwacha, na bei ya kwacha hubadilika kabla chai haijapoa. Mama aliishia darasa la saba. Nilimwona akipokea simu tatu mfululizo, moja kwa Kiswahili, moja kwa Kinamwanga, moja kwa Kibemba, na katika zote tatu anapiga hesabu ya kubadili kipimo na fedha kwa pamoja bila karatasi. Siku za kale za kwacha, kabla Zambia haijafuta sifuri tatu Januari 2013, alikuwa anafanya hivyohivyo na mamilioni. Mchele huohuo, aliniambia, ukishavuka watu wa Lusaka wanauita mchele wa Nakonde. Nilimuuliza kama hilo halimuumizi. Akasema, "Wakishaununua, wauite wanavyotaka."

Uvukaji wenyewe siku hizi ni jengo la kisasa. Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani kilifunguliwa Oktoba 2019 na marais wa wakati huo, Magufuli na Lungu, na utaratibu wake ni kwamba anayetoka Tanzania anamaliza mambo ya nchi zote mbili upande wa Zambia, na anayetoka Zambia anamalizia upande wetu. Nilivuka kwa pasipoti yangu, visa haihitajiki kwetu, na kamera nikaiacha nyumbani kwa Mama kwa sababu mpakani hapapigwi picha. Malori yanayoingia Zambia yamebeba mafuta, mbolea na salfa ya kusafishia madini. Yanayotoka yamebeba shaba ya Zambia na ya Katanga, mabamba yamefungwa kwa mikanda na mara nyingi hayajazi hata nusu ya tela, kwa sababu uzito unatosha kabla nafasi haijaisha. Madereva wa Kongo wanazungumza Kiswahili chao cha Lubumbashi na mama ntilie wa Tunduma wanawaelewa vizuri. Lakini malori mmeyasoma sana, na mimi siyaongezei kitu.

Niseme la pesa. Siku ya pili nilichenji shilingi kwa kwacha mtaani, nikiwa peke yangu, kwa kijana aliyehesabu noti mbele yangu haraka haraka, akazikunja, akanipa. Nilipofika nyumbani Mama akaniambia nihesabu mbele yake. Zilikuwa pungufu, noti kadhaa zilikunjwa katikati zikahesabiwa mara mbili. Nilitaka kuliacha lipite. Mama akavaa viatu. Tulirudi palepale, na hakupiga kelele. Alimsalimia mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya vijana wale, akamweleza: "Huyu ni mwanangu, yuko kwangu." Mzee akamwita yule kijana kwa jina, fedha ikakamilishwa, na kijana akaniomba radhi akinitazama usoni. Wale wachenjaji wana mkubwa wao, wana zamu zao, wana mipaka ya nani humgusi. Ningekuwa wa gesti ningeondoka nikisema Tunduma ni mji wa matapeli, na nisingejua kwamba mzee wa kiti cha plastiki yupo.

Nakonde, kwa Mama Mdogo, nilihamia siku ya kumi. Ni mwendo wa dakika chache, na nyumba inafanana na ya dada yake mpaka rangi ya geti. Ila mlangoni nilipokelewa kwa "Mwaiseni mukwai," na binti wa nyumba akapiga magoti akinishikia maji ya kunawa, akaikutanisha mikono yake na kupiga makofi ya chini kwa chini, ndiyo heshima. Chakula cha kwanza kilikuwa nshima na ifisashi, mboga za majani zilizopikwa kwa karanga za kutwanga, pamoja na kapenta. Kapenta ni dagaa wetu wa Kigoma, wa ziwa lilelile la Tanganyika, ila hawa wametokea Mpulungu, upande wa Zambia. Nikadhani nshima nayo ni ugali wetu. Mama Mdogo hakukubali. Alinisimamisha jikoni nione: uji unaachwa uchemke na kupata nguvu ukiwa umefunikwa, hauharakishwi, ndipo unga wa kukazia unaingia kidogo kidogo. Ikiiva haipinduliwi kwenye sahani ikawa mlima mmoja. Inachotwa kwa kijiko kilicholoweshwa maji, tonge baada ya tonge, yanapangwa laini yanang'aa kama mayai. "Ninyi huko mnapika kama mnakimbizwa," alisema. Ninyi huko. Amezaliwa Tunduma, amekulia kwenye ua ule wa mchele, ameolewa mita mia kadhaa kutoka kwa mama yake, na bado sisi ni "ninyi huko". Dada yake naye, nikimsifia mapishi ya Nakonde, hujibu, "Hao wenyewe wana muda."

Kwenye kabati la Mama Mdogo kuna faili lenye vyeti vya watoto. Aliponionyesha niliona kwamba mwanawe wa kiume na binti yake, baba mmoja mama mmoja, hawana jina la ukoo linalofanana. Wanamwanga na jirani zao Wamambwe huanza jina la ukoo la mwanamume kwa Si na la mwanamke kwa Na, kwa hiyo kaka akiwa Sinyangwe dada ni Nanyangwe. Kwao ni jambo la wazi kama jua. Kwa karani asiye wa kule, kaka na dada wanaosafiri pamoja hawana undugu kwenye karatasi. Watu hawa wamekatwa katikati tangu Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walipotia saini mkataba wao Berlin na kuchora mstari kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na zaidi ya miaka mia moja baadaye bado wanaeleza undugu wao dirishani, mtu mmoja mmoja, kwa subira ambayo mimi sina.

Mambo ya zamani nilipewa na Bibi, mama yao, jioni, miguu yake ikiwa karibu na jiko. Alikuwa msichana Ian Smith, kiongozi wa walowezi, alipojitangazia uhuru Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Novemba 1965, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini imekuwa ya adui. Bibi hakumtaja Smith. Alitaja mapipa. Mapipa ya mafuta kwenye malori, usiku na mchana, kwenye barabara ya udongo, masika malori yanalala kwenye tope na wanakijiji wanaitwa kusukuma. "Hapa palikuwa vijumba," alisema. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika 1968 mapipa yakapungua. Kisha wakaja Wachina wa reli ya TAZARA, na anawakumbuka kwa bustani zao, kwamba walilima mboga zao wenyewe kambini na kuzimwagilia kila jioni kwa mpangilio. Reli ilifika Tunduma 1973. Kilomita zote 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ziliisha kujengwa 1975. Nilimuuliza Bibi ni lini Tunduma ikawa mji. Alifikiri. "Watu walipoanza kulala," akasema. "Mwanzoni walikuwa wanapita tu."

Neno hilo lilinikaa, kwa sababu nilikuwa nimekuja na hoja yangu tayari, kwamba miji ya mpakani inastahili wageni wanaolala nyumbani kwa watu, kama wanavyolala kwa wakulima wa kahawa Kilimanjaro. Hoja hiyo bado naishikilia. Watalii wakifika mkoa huu wa Songwe wanapelekwa kuona kimondo cha Mbozi, chuma cha takriban tani 16 kilichotoka angani, na ni sawa, kakioneni. Lakini ua wa Mama una elimu ambayo sijaipata kwenye semina yoyote ya biashara niliyowahi kuhudhuria, na wanawake wa mitaa ile wana vyumba, wana vyandarua, wana maji moto ya kuoga japo maji yenyewe hununuliwa kwa dumu. Kinachokwama ni malipo. Mama alikataa pesa yangu mara tatu, mara ya tatu kwa ukali: "Wewe ni mgeni, si mpangaji." Mama Mdogo, ambaye hupangisha chumba cha uani kwa wafanyabiashara wanaotoka Kasama, alikuwa na jibu jingine, nalo nililipenda. Alisema mgeni asilipie kitanda, alipe kile ambacho nyumba ilikuwa inanunua hata bila yeye. Basi nikanunua gunia la mkaa, nikalipia maji ya wiki mbili, nikajaza sukari. Hayo Mama aliyapokea bila neno, akaniongezea kipande cha nyama jioni ile.

Jambo moja sikuuliza, nililetewa. Usiku wa mwisho Nakonde umeme ulikuwa umekatika, na Mama Mdogo akaanza mwenyewe kuzungumzia Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa sababu ya korona. Shangazi yao alifariki wiki hiyo upande wa Tanzania, yeye aliyewalea wote wawili. Mama alikwenda kuzika. Mama Mdogo hakuweza kuvuka. Njia za panya zipo, kila mtoto wa pale anazijua, lakini mume wake alimwambia ukikamatwa na kuwekwa karantini watoto watabaki na nani. Alipanda mahali penye mwinuko nyuma ya nyumba, ambapo kwa mchana mweupe mabati ya ule mtaa yanaonekana. Dada yake akampigia simu, akaiacha hewani mfukoni mwa koti wakati wa ibada, na Mama Mdogo akasikia kwaya ya Moravian kutoka mfukoni, imezibwa na kitambaa. "Wimbo ulikuwa unanifikia mara mbili," aliniambia. "Kwenye simu, halafu kwa mbali, kwa masikio yangu, umechelewa kidogo." Alinyamaza. Nilisikia malori barabarani, na ndani ya nyumba saa ya ukutani ikigonga. Kwake saa ni moja tu, ya Zambia. Ya pili hakuiweka, alisema, kwa sababu ya kwao anaijua bila kuiangalia.

Basi langu la kurudi lilikuwa la saa kumi na moja alfajiri. Nilikuwa nimerudi Tunduma kulala, kwenye chumba kilekile kinachoshika mnara wa ng'ambo, na niliitegesha simu kwa uangalifu nikasahau kwamba ndani ya chumba kile inaongopa. Mama ndiye aliyeniamsha, ameshawasha jiko. Alinifungia sado ya maharage ya Mbozi na sado ya mchele kwenye kipande cha kitenge, akanisindikiza stendi, akamwambia kondakta, "Huyu ni mwanangu, mkifika Makambako mwamshe ale." Kisha akanishika mkono, akaangalia juu kule mashariki kulikokuwa bado giza, akasema kule ng'ambo wateja wake bado wamelala, ana saa nzima ya kupanga viroba. Akageuka akaondoka, anatembea haraka, blanketi begani.